Kikombe cha Maji ya Chumvi

Akina mama wenzangu, kulikuwa na mama mmoja aliyelima mchicha nyuma ya nyumba. Watoto wake wanne walikula kutoka hapo. Kisima cha kijiji kikaingia chumvi, na maji mengine hakuwa nayo. Akauhurumia mchicha wake: kila asubuhi kikombe kimoja kwa kila shina, polepole, kama anayemnywesha mtoto dawa. Hata hivyo udongo ukafanya ukoko mweupe, na majani yakaanza kuungua pembeni.

Jirani yake alikuwa mtu waliyekosana naye, kwa sababu kuku wa jirani huyo walifukua matuta ya mchicha. Mama alisema amekwisha kusamehe. Ibadani alimsalimu; kisimani alimpa mgongo.

Siku moja jirani akaja bila kuitwa, na ndoo mbili na kapu la samadi. Samadi ya kuku wale wale.

"Dada, kikombe hicho ndicho kinachoua," akasema.

"Maji yenyewe chumvi. Nikiumwagia mengi si utakufa leo?"

"Maji kidogo hukauka, chumvi ikabaki mizizini. Jaza tuta mpaka yazame chini kabisa, yaondoke na chumvi. Kisha upumzishe siku kadhaa."

Wakachanganya samadi na udongo, wakachota mpaka mabega yakauma, wakafunika matuta kwa nyasi. Wakafanya hivyo wiki tatu. Yakatoka majani mapya, mapana kama kiganja. Mama akasimama mikono kiunoni, ana fahari kama aliyejifungua mapacha. Kisha akamgeukia jirani, sauti imeshuka.

"Hata wewe nimekuwa nikikusamehe kwa kikombe."

Jirani akacheka. "Nilijua. Ndiyo maana nilikuja na ndoo."

Je, sisi tunasamehe kwa kikombe au kwa ndoo? Tukimpa mtu salamu ya leo na kumnunia kesho, chumvi imekwenda wapi? Si iko pale pale, mizizini?

Nilipojifungua mtoto wangu wa pili, aliyenifulia nepi siku saba ni mama ambaye nilikuwa simwitikii hodi. Hakunikumbusha hata mara moja. Yuko hapa leo, benchi la nyuma, anainamisha kichwa. Inua kichwa, dada. Naona fahari kuwa jirani yako.

Na ninyi wengine, kesho asubuhi mtakutana kisimani. Kikombe kiacheni nyumbani.