Vita vya Kinu na Mchi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipika na kununiana kama sisi, Tembo alikuwa na kinu na Kiboko alikuwa na mchi. Kila siku walikutana mpakani mwa makao yao kutwanga mahindi, twii! twii! Pumba zilizomwagika alizizoa Mama Pimbi, jirani yao mdogo, akawalisha wanawe wanne.

Siku moja wakabishana nani mkubwa. Tembo akabeba kinu chake, akaenda zake. Kiboko naye akabeba mchi wake.

"Atanijia analia njaa," alisema Tembo.

"Atakuja kwa magoti," alisema Kiboko.

Zikapita siku tatu. Wana wa Pimbi wakaanza kulamba mawe. Mama yao roho ilimuuma, akaenda kwa Tembo.

Akasikia ko! ko! ko! Kumbe Tembo, kwa kukosa mchi, alijaribu kutwanga kwa mguu, na mguu ukanasa kinuni.

"Pole, mzee."

"Pole ya nini? Hiki ni kiatu kipya," alisema Tembo, machozi yakimlengalenga.

Huko mtoni, Kiboko aliuficha mchi kinywani usiibiwe. Ukasimama wima, taya zikagoma kufunga.

"Mzee, umekula?"

"Ii-ee-aa," alijibu Kiboko, yaani nimeshiba. Tumbo lake likamsuta, gurrr.

Jamani, vichwa vigumu hivi! Walikuwa tayari kufa njaa kuliko kuombana radhi, na watoto wa watu wangewatangulia kaburini. Pimbi akafikiri, akarudi kwa Tembo.

"Mzee, Kiboko amesalimu amri. Kesho anakuletea mchi mpakani, ameubeba kwa kinywa. Wewe uvute tu. Ila ana haya, usimcheke."

Kisha akakimbia kwa Kiboko.

"Mzee, Tembo amesalimu amri. Kesho anakuletea kinu, amekivaa mguuni. Wewe kivute tu. Ila ana haya, usimcheke."

Kesho yake wakakutana, kila mmoja amejivuna na kubana kicheko. Tembo akauvuta mchi kwa mkonga. Kiboko akakikumbatia kinu. Vuta nikuvute, pwaa! Wote wawili wakaanguka chali.

"Nimeshinda," alisema Tembo, ameshika mchi.

"Nani kashinda?" aliuliza Kiboko, ameshika kinu.

Upesi Pimbi akamwaga kinuni kikapu cha mahindi alichokuja nacho Tembo, akapanda sikio la Tembo.

"Mzee, huoni amekushikia kinu kama mtumishi? Twanga karamu ya ushindi wako."

Akarukia sikio la Kiboko.

"Mzee, huoni anakutwangia? Shika kinu vizuri, asije akazembea."

Twii! twii! Wakatwanga, wakasonga ugali, wakala sahani moja, kila mmoja akimhurumia mwenzake kwa kushindwa. Wana wa Pimbi wakala pumba mpaka wakalala papo hapo.

Nanyi wanangu shikeni hili: mkubwa asipokubali suluhu, basi mwambie ameshinda.