Hodi ya Koplo Mashauri

Koplo Mashauri aliuvunja kwa buti mlango wa Bi Sikujua, mjane muuza togwa, akisaka gongo, pombe haramu. Gongo hakuiona. Alichokiona ni mwiko wa ugali, nao ukatua katikati ya paji lake la uso. Kesho yake bibi akapandishwa kizimbani kwa kumshambulia askari.

“Nilidhani mwizi, mheshimiwa,” alimwambia hakimu. “Muungwana hupiga hodi.”

“Nilipiga!” koplo alifoka, bandeji kichwani. “Tena mara tatu!”

Bi Sikujua akamgeukia kwa upole. “Labda ni uzee, mwanangu. Masikio haya! Mimi nilisikia kweli?”

Koplo akaona kesi imeiva. “Ulisikia vizuri sana! Ulijua ni askari. Hata uliitika!”

“Niliitikaje, baba?”

“Ulisema, ‘Karibu, afande, pita ndani!’”

Bibi akasubiri mpaka karani alipomaliza kuandika.

“Sasa, baba, kama nilishakukaribisha, mlango wangu uliuvunjia nini?”

Mahakama nzima iliangua kicheko. Hakimu alimwachia bibi, akamwamuru koplo atengeneze mlango.

Siku ya kuleta mlango mpya, koplo alipiga hodi akiwa bado barabarani.