Kaa la Mwisho la Bibi Nanzia

Paukwa!

Pakawa!

Mnaitika kama mliolala njaa. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani, kabla kiberiti hakijapanda milima, palikuwa na kijiji juu kabisa, kwenye baridi na ukungu. Moto wa kule ulikuwa wa kuombwa. Wako ukizimika, unakwenda kwa jirani na kigae chako, unapewa kaa, unarudi mbio. Na karibu wote waliomba kwa mtu mmoja, Bibi Nanzia, kikongwe aliyeishi peke yake. Mafiga yake hayakuwahi kupoa. Alikuwa akisema, "Moto ni wa kugawa. Anayeuficha ataota peke yake."

Basi mwaka mmoja ikaja mvua. Chwaa! Chwaa! Siku saba, usiku na mchana. Maji yakaingia majikoni. Pfff! Moto wa nyumba hii. Pfff! Moto wa nyumba ile. Watu wakapanda kwa Bibi Nanzia na vigae. Hodi, bibi! Karibu, mwanangu. Naomba moto. Chukua. Hodi, bibi! Chukua. Nyumba ishirini, na kuni zake kavu zikaisha.

Wa mwisho kufika alikuwa Mwajabu, na kichanga mgongoni. Mtoto alikuwa amepoa mwili mzima, hata kulia hawezi. Mwajabu akatazama mafigani, akaona kaa moja tu.

"Bibi, tuligawe."

"Tukiligawa litazima lote. Chukua, mama."

"Na wewe je?"

"Likishika, utaniletea."

"Nitakuletea, bibi. Haki ya Mungu."

Akashuka mbio, amekiinamia kigae mvua isikiguse. Phuu! Phuu! Moto ukashika. Mtoto akapata joto, akalia. Mwajabu naye akalia kwa furaha.

Kisha akakumbuka ahadi. Akasimama mlangoni. Chwaa! Mvua ikampiga usoni. Kwa Bibi Nanzia hakukuonekana kwa ukungu, ila huku chini kila nyumba ilitoa moshi. Akajiambia, "Nyumba zote hizi! Hapana shaka yuko aliyekwisha kumpelekea." Akarudi kuota moto.

Nyumba ya pili wakasema hivyo. Ya tatu wakasema hivyo. Hata ya ishirini. Msinitazame hivyo; nanyi mngesema vivyo hivyo.

Siku ya tatu tangu apewe kaa lile, mvua ikakatika. Mwajabu akatia kaa kwenye kigae, akapanda. Njiani akakuta wenzake, kila mmoja na kigae chake. Wakatazamana. Wakaanza kukimbia.

Hodi, bibi! Kimya. Hodi! Kimya.

Alikuwa amekaa mbele ya mafiga, mikono ameinyoosha juu ya majivu. Mwajabu akapiga magoti, akaweka kaa lake, akapuliza. Phuu! Phuu! Na wengine wakaweka yao. Moto ukawaka mkubwa, nyumba nzima ikajaa joto. Mwajabu akaishika mikono ya bibi, akaisugua, akaisugua. Haikupata joto.

Watu husema asante ya punda ni mateke. Afadhali punda, teke lake unalijua. Hawa walimpenda bibi, kila mmoja wao, wakamwacha afe kwa baridi. Wema, wanangu, usimwachie mwingine. Ukiukumbuka, inuka wewe, hata kama mvua inanyesha.

Hapa ndipo hadithi yangu inapokomea. Sina la kuongeza.