Sauti ya Kifungua Mimba

Mzee Njura wa Siakago alipoaga dunia mwaka wa 1998, mwanawe wa kwanza, Nthiga, alikuwa masomoni India na hakuwa na njia ya kufika nyumbani kwa wakati. Jambo hilo lilimwumiza mjane, Mama Nthiga, karibu sawa na kifo chenyewe. Katika ukoo wao, baba hafunikwi kabla kifungua mimba hajamwambia neno la kwaheri na kumwekea udongo wa kwanza.

Nthiga akabuni njia. Rafiki yake Oscar, kijana wa Manyatta aliyesoma naye huko, alikuwa anarudi nyumbani likizoni na alikuwa na kompyuta ya kukunja, ile wengine waliyoiita laptopu. Nthiga alirekodi sauti yake humo, akamwomba rafikiye aifikishe mazishini. Oscar aliileta Siakago, akaikabidhi familia, kisha akaenda kuwaamkua wazazi wake huku akiahidi kurudi siku ya maziko.

Aliyekabidhiwa mashine hiyo alikuwa Munyi, mwana wa dada yake Mama Nthiga. Munyi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Likizo moja alikuwa amesomea kompyuta mjini Embu, na tangu siku hiyo hakumaliza sentensi tatu bila kulitaja somo hilo. Watu wakambandika jina la Kompyuta, naye akaitika bila haya. Kusema "sijui" kwake kulikuwa tusi. Oscar alipotaka kumwonyesha namna ya kuicheza ile sauti, Munyi alimkata kauli, akasema mambo hayo aliyamaliza zamani. Hata hivyo, kazi yenyewe ilikuwa moja tu. Kompyuta ingewekwa kando ya kaburi, na kipaza sauti cha kanisa kisogezwe karibu na spika zake za ndani.

Siku iliyotangulia maziko, udadisi ulimzidi Munyi nguvu. Alitaka kuisikia sauti hiyo kabla ya watu wote. Alijifungia chumbani, akachomeka visikizio vya redio yake ya kaseti, akatega masikio. Alisikia, "Baba, ni mimi Nthiga," na papo hapo akaona dirishani mbuzi wakiingia kwenye ndengu zake. Akaruka kama aliyekalia kaa la moto, akasahau kwamba alikuwa amefungwa na waya. Kompyuta ikapinduka na kuangukia upande ule uliochomekwa. Aliporudi kutoka kufukuza mbuzi, alikuta kichomeo cha visikizio kimekatika, na ncha yake ya chuma imebaki ndani ya tundu. Tangu hapo spika zikawa bubu.

Munyi alihangaika. Alizungusha kigurudumu cha sauti hadi mwisho. Aliizima kompyuta, akaiwasha. Alipuliza vitundu vya spika kama anayechochea moto wa kuni mbichi, kisha akaigonga kwa kiganja jinsi redio inavyogongwa betri zikiisha. Kwenye kioo, mstari wa kijani ulichezacheza kuonyesha kwamba sauti inatembea, lakini sikio halikupata kitu. Angeweza kupanda gari akamtafute Oscar, lakini angeanzia wapi? Aseme Kompyuta amevunja kompyuta? Akajidanganya kwamba mashine imechoka na kesho itakuwa imetulia.

Asubuhi ya maziko Oscar alifika mapema, waombolezaji wakiwa bado wachache.

"Mwalimu, umeijaribu? Iko sawa?" akamwuliza.

Munyi alitazama viatu vyake. "Iko sawa kabisa. Inaongea vizuri."

Moyo ulimsuta pale pale. Alitamani kumwita Oscar arudi, lakini kijana alikuwa ameshapewa kazi ya kupanga viti.

Saa ya kuzika ikawadia. Mhubiri alitangaza kwamba sasa watamsikia mwana wa kwanza wa marehemu. Mama Nthiga alilegeza kitambaa kilichomziba masikio, akasogezewa kiti karibu. Munyi akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena, na kipaza sauti kikatoa mvumo wa upepo tu. Watu wakaanza kukohoa na kutazamana. Hapo ndipo angesema kweli. Badala yake, jasho likimtiririka, aliinama kwenye kipaza sauti akatamka jambo ambalo hata yeye lilimshtua.

"Nafikiri Nthiga hakusema kitu. Ni kama hakurekodi."

Minong'ono ikazuka. Mwanamke mmoja wa ukoo alisema waziwazi kwamba ng'ambo humfanya mtoto asahau baba. Mama Nthiga aliinamisha kichwa. Oscar alikuja mbio kutoka nyuma, akauona mstari wa kijani ukicheza, akasema sauti ipo. Alimwuliza Munyi kama kuna kitu kilichoguswa, naye akakana. Oscar aliomba wangoje kidogo, lakini mhubiri alikuwa akisubiriwa kwenye maziko mengine, na jua halikuwangoja. Kithaka, ndugu wa marehemu, akashika udongo akautupa badala ya Nthiga. Makoleo yakafuata, na kila koleo lilimwangukia Munyi moyoni.

Waombolezaji walipokuwa wakila, Oscar aliketi sebuleni, akamulika ubavu wa kompyuta kwa tochi. Akaiona ile ncha ya chuma. Aliwaeleza waliokuwapo kwamba mashine ilidhani visikizio bado vimechomekwa, ndiyo maana ilikataa kutumia spika zake. Aliyeyusha ncha ya mrija wa kalamu kwa kiberiti, akausukuma tunduni, akangoja ugande, akavuta. Chuma kikatoka. Kazi yote haikufikia muda wa kunywa kikombe cha chai.

Sauti ya Nthiga ikajaa sebule. Alimshukuru baba yake kwa karo na kwa viboko, akamwomba radhi kwa kutokuwapo. Kisha akasema:

"Munyi, ndugu yangu, wewe ndiye ninayekuamini hapo nyumbani. Kabla hawajamfunika mzee, shika udongo kwa mkono wako, umwekee kwa niaba yangu."

Macho yote yakamgeukia Munyi, aliyekuwa amesimama mlangoni na sahani yake. Aibu ilimvaa mwili mzima. Aliweka sahani chini, akaenda kupiga magoti mbele ya mama yake mdogo.

"Tata, mama mdogo, ni mimi nilivunja. Jana. Hata asubuhi Oscar akiniuliza, nilikuwa najua."

Mama Nthiga alitazama nje, kwenye kaburi ambalo udongo wake ulikuwa bado mbichi.

"Ungesema asubuhi, Munyi," alisema polepole, "mtoto wangu angemzika baba yake."

Munyi alikuwa amelificha kosa dogo ambalo mrija wa kalamu ungeliponya, mpaka likamfedhehesha mbele ya ukoo mzima na kumpaka matope ndugu asiye na hatia. Kweli, mficha maradhi kifo humuumbua.