Kakakuona Alikuwa Anakwenda Wapi

Paukwa!

Pakawa!

Niwataje waliokuwapo?

Wataje!

Hapo zamani za kale, uwanjani kwa mtemi wa Chinyika, alikuwapo Mtemi Chilewa mwenyewe, juu ya kigoda. Alikuwapo Masaka, mpiga ramli, na mkoba wake wa ngozi. Alikuwapo Bibi Mbeleje, aliyeletwa juu ya kitanda cha kamba kwa sababu miguu yake ilikuwa imekataa kazi. Alikuwapo mkwe wake, mjane Nyemo binti Chibago. Na katikati ya watu alikuwapo Kakakuona, amejikunja kama tufe la magamba.

Nyemo ndiye aliyemleta. Asubuhi alikwenda kuchimba mizizi, akapita njia asiyoizoea, akajikwaa juu yake. Naye aliijua desturi: amwonaye kakakuona hampiti. Humbeba hadi kwa mtemi, mnyama akawekewa vitu, na kitu atakachokigusa ndicho kitakachoamua mambo ya mwaka.

Mwaka ule kisima kilikuwa kimekauka. Mtemi akaweka jembe, maana yake tukae. Akaweka mkuki, maana yake tuhame. Kuhama kulikuwa mwendo wa siku tisa, na asiyeweza kutembea huachwa. Nyemo akamtazama Mbeleje, aliyemtunza kama mwanawe wa kumzaa.

Kakakuona akajikunjua. Akalinusa jembe, akaliacha. Akaunusa mkuki, akauacha. Akageuka aende zake.

"Mrudisheni!" akasema Masaka.

Wakamrudisha. Akalinusa jembe, akaliacha. Akaunusa mkuki, akauacha. Akageuka aende zake.

Wakamrudisha tena. Mara hii Masaka akausogeza mkuki hadi puani pake.

"We Masaka," akasema Bibi Mbeleje, "si umchome nao kabisa, tujue ameuchagua!"

Watu wakacheka.

"Cheka, bibi," akajibu Masaka. "Wewe huna mizigo ya kufunga."

Kicheko kikakatika.

Nyemo akapiga magoti mbele ya mnyama. Alitaka kumnong'oneza, "Shika jembe." Lakini kulikuwa na swali lililomkereketa tangu kule njiani.

"Bwana Kakakuona, nilipokukuta, ulikuwa unakwenda wapi?"

Kakakuona akainua pua. "Miaka yote mnanibeba, mnaniwekea vyuma. Mimi sili jembe, mimi sili mkuki. Leo ndiyo mara ya kwanza kuulizwa. Nilikuwa nakwenda kula mchwa."

"Mchwa gani?"

"Wa nyuma ya kilima cha Mwitile. Wanajenga kichuguu kipya, kwa tope."

"Kwa tope? Kiangazi hiki? Tope wanalitoa wapi?"

"Hilo sijawauliza," akasema Kakakuona. "Mimi huwala tu."

Hakuna aliyecheka. Mtemi Chilewa akainuka kigodani.

"Binti Chibago, nakupa siku tatu ukawaulize. Ya nne tunaondoka."

Siku ya kwanza Nyemo akachimba kando ya kichuguu, akatoa vumbi. Siku ya pili akachimba, akatoa mawe, na kijijini watu wakaanza kukunja mikeka. Siku ya tatu akachimba, jembe likatoka na udongo mzito, mweusi, wa baridi. Adhuhuri maji yakamfika magotini.

Mikeka ikakunjuliwa. Naye Nyemo, aliyekuwa akiitwa tu mkwe wa Mbeleje, akawa anaitwa na watemi wa mbali awachimbie visima. Kila alikofika hakuuliza ramli imesema nini. Aliuliza mchwa wanajenga wapi.

Ngano yangu imekomea hapo. Bibi Mbeleje alikufa mwezi mmoja baada ya maji kupatikana, ndani ya nyumba yake, akazikwa Chinyika.