Beberu wa Kujaribia Dawa

Nyamizi, mganga wa miti shamba, alikuwa akitwanga majani ya mwarobaini binti yake alipoingia mbio.

"Mama, Mzee Kashinje kamkamata beberu wetu wa pekee kwenye karanga zake! Atamchinja harusini kwake kesho!"

Nyamizi na binti yake walimkuta tajiri huyo akinoa kisu.

"Mchinje tu, bwana harusi. Ila nyama waachie wageni. Huyo ndiye ninayemjaribia dawa ya kutuliza waume wakware."

"Inatuliza kweli?"

"Tangu Jumatatu hajamtazama jike hata mmoja."

Kashinje alifungua kamba mwenyewe.

Jioni Nyamizi alipakua ugali na mlenda, akahesabu watoto watano na beberu mlangoni.

"Mama, dawa ulimpa lini?" binti yake aliuliza.

"Dawa gani? Kuleni. Hapa kwetu kuna jike gani wa kumtazama?"