Pua ya Mwanasiti na Kisu cha Pili

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ya mbali, maana simu za mkononi zilikuwepo na watu walikwisha kuzoea kujipiga picha, palikuwa na binti mmoja wa Tanga aliyeitwa Mwanasiti. Alikuwa mwalimu wa kaswida. Akianza ubeti alikwenda nao mpaka mwisho kwa pumzi moja, wanafunzi wake wakabaki wanatazamana. Na alikuwa na pua pana, pua ya marehemu baba yake. Ilikaa vizuri usoni pake na haikuwa imemkosea mtu.

Nasema haikuwa imemkosea mtu!

Posa ikaja. Mchumba aliitwa Shekue, na mama wa mchumba ni Bi Zena, mwanamke mcheshi, ulimi mbele. Siku ya kuvishwa pete, Bi Zena akamwinua Mwanasiti kidevu mbele ya wanawake wote, akamtazama, akasema, "Mkwe ninaye, mashallah. Ila kwa pua hii kipini kitapotea. Tumtafutieni bangili!"

Wanawake wakacheka. Shekue alikuwa mlangoni, naye akacheka. Mwanasiti akacheka pia, angefanyaje? Wewe uliyekaa pale nyuma, usicheke. Ndivyo ilivyoanza.

Mwanasiti akaaga kwao kwamba anakwenda Dar kununua nguo za harusi. Kumbe anakwenda kwa Daktari Lukindo, mpasuaji wa pua, mtu wa Tanga vilevile, na mkewe wa Tanga. Akamwonyesha picha yake kwenye simu, picha aliyoichezea mpaka pua ikawa nyembamba kama ya mdoli.

"Daktari, naitaka hivi. Naolewa mwezi ujao."

"Hii imezidi, binti. Ndani ya pua mna gegedu, ule mfupa laini unaoisimamisha. Nikilipunguza sana..."

"Naitaka hivi, daktari."

Daktari akaitazama picha, akamtazama binti, akasema, "Haya." Akakata. Akambandika plasta ngumu juu ya pua, akamwambia, "Pua isiguswe mpaka nikuone tena."

Basi! Hakumwuliza atawekwa ndani lini kungojea harusi. Hakumwuliza atasingwa na nani, asuguliwe mwili na uso kwa manukato. Mwanamume aliyeoa Tanga, aliyepokea mke ananukia liwa na karafuu kutoka utosini mpaka unyayoni, hakuuliza. Alidhani mkewe alizaliwa hivyo?

Mwanasiti akarudi. Plasta aliibandua mwenyewe njiani ili asionekane. Alipoulizwa mbona uso umevimba, akasema mafua. Akawekwa ndani, akaletewa Somo Mize, kungwi wake, ambaye mikono yake imewasinga nusu ya wake wa mtaa ule.

Somo Mize akamsinga miguu. Akamsinga mgongo. Akafika usoni, akaikamata pua, akaisugua huku, akaisugua huku. Mwanasiti akaruka, machozi yakamtoka.

"Nini tena, mwanangu?"

"Mafua, somo."

"Vumilia. Bibi harusi halii kabla ya siku yake."

Akaendelea. Chini ya kidole chake kitu kikabonyea. Akaendelea. Na kesho yake akarudi kusinga tena.

Harusi ilifana, nisiseme uongo. Kipini kilionekana kutoka mlangoni, na walioiona pua imekuwa nyembamba wakasifu mapambo. Bi Zena akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Miezi haikupita mingi, pua ikaanza kuzama katikati. Kuta zake zikakutana kwa ndani, hewa ikakosa njia. Mwanasiti akawa analala kwa kuegemea mito, mdomo wazi. Darasani akianza ubeti, pumzi inamwishia katikati, na watoto wanabaki wanamngoja. Siku moja akafunga kitabu, akawaruhusu waende kwao, akalia.

Akaenda kwa daktari mwingine, mwanamke, Daktari Mshana. Huyo akamulika ndani ya pua, akazima taa yake, akakaa.

"Aliyekata kwanza hakubakisha cha kuisimamisha pua. Na kilichobaki kimesukumwa kabla hakijashika. Nitafungua tena. Lakini humu ndani sina cha kujengea. Itanibidi nikupasue ubavu, nitoe gegedu huko."

Mama yake Mwanasiti, Bi Mwatime, aliposikia ubavu, akawaita wote nyumbani kwake. Daktari Lukindo akapigiwa simu, sauti ikafunguliwa kila mtu asikie.

Bi Zena akasema, "Mimi nilitania tu. Nani aliyemtuma akakatwe? Mficha maradhi, kilio kitamuumbua."

"Na mzaha mzaha hutunga usaha," akajibu Bi Mwatime.

Shekue akasema, "Mimi sikusema neno." Kweli, hakusema. Alicheka.

Somo Mize akasema, "Mimi nilisinga tu, kama ninavyosinga wote. Kama ningeambiwa, ningeiruka pua."

"Hukuhisi kitu, dada?" akauliza Bi Mwatime.

Somo akatazama vidole vyake. "Nilihisi. Lakini aliniambia mafua."

Daktari Lukindo akasema, "Mimi nilimkatia alichoomba. Nilimwonya, na nilikataza pua isiguswe."

"Baba, uliambiwa anaolewa?" akauliza Bi Mwatime.

"Niliambiwa."

"Na wewe mkeo ni wa wapi?"

Simu ikakatika. Mtandao, labda.

Wote wakamgeukia Mwanasiti. Akasema, na kila baada ya maneno machache anavuta hewa kwa mdomo, "Mimi nilificha. Plasta niliibandua kwa mkono wangu. Nilitaka siku moja tu... niingie ukumbini, watu wanitazame mimi. Nilipokuwa na pua yangu mlicheka. Sasa sina, mnaulizana."

Mimi ninayesimulia, ningekuwepo ningevunja sahani!

Siku ya kupasuliwa, Bi Zena alikuja na chupa ya uji. Somo Mize alikuja na kanga mpya. Shekue alikaa nje, kichwa chini. Daktari Lukindo alikuwa na mgonjwa mwingine aliyemwonyesha picha kwenye simu. Na Mwanasiti akasukumwa ndani peke yake, akapasuliwa mahali ambapo hapakuwa na ubaya wowote.

Haya, waungwana. Kuna aliyeicheka pua, kuna aliyeikata, kuna aliyeificha, kuna aliyeibonyeza. Msinijibu "wote", hilo ni jibu la watu wanaotaka kwenda kulala. Kisu cha pili kilikuwa kimoja na ubavu ni mmoja. Nijibuni: ubavu ule ulistahili kuwa wa nani?